Kukodoa na Kukodolea Macho: Umbo, Maana na Athari za Matumizi

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kuona. Kutazama hueleza kuelekeza macho tu. Kuchungulia huongeza kificho au upenyo. Kukazia macho huongeza uthabiti. Kukodoa huongeza ukubwa wa macho yenyewe: anayekodoa huyatanua na kuyaacha wazi, aghalabu bila kupepesa, kwa mshangao, hofu, hasira au tamaa.

Kisarufi, kitenzi hiki huandamana na nomino macho, yaani macho ya mtenda. Katika "Juma alikodoa macho", hakuna anayetajwa kutazamwa. Kauli ya kutendea ndiyo inayomwingiza: "Juma alimkodolea Asha macho." Kiambishi -m- kinamrejelea Asha, ilhali macho yanabaki kuwa ya Juma. Jozi ya fumba na fumbia yathibitisha kazi hiyo ya mnyambuliko: "alimfumba macho" hutaja macho ya mtendwa, bali "alimfumbia macho" hutaja ya mtenda, kwa maana ya kupuuza kosa. Kwa upande mwingine, "macho yalimkodoka" huondoa nia: macho yametoka kwa hofu au maumivu.

Suala la nia ndilo chimbuko la utata wa kimaana. Kisitiari, "kukodolea macho mali ya yatima" ni kuitamani. Hata hivyo, katika magazeti ya Kenya hukutwa vichwa vya habari vya aina ya "Wakulima wakodolea macho hasara", ambapo hasara haitamaniwi, bali inakaribia. Msomaji huamua maana kwa kutegemea shamirisho: lililo jema hutamaniwa, lililo baya hukabiliwa. Kanuni hiyo yatosha kwa ubingwa na kwa njaa. Haitoshi kwa "Serikali yakodolea macho mikopo mipya". Je, inaitaka mikopo hiyo, au inalazimika kuichukua? Mfasiri wa nchi jirani aweza kuchagua maana isiyokusudiwa, na mshauri wa sera akajenga hoja juu ya kosa hilo.

Kwa hiyo, yafaa kamusi ziorodheshe kodolea kama kidahizo kinachojitegemea, chenye maana zote mbili, mifano ya shamirisho na alama ya eneo la matumizi. Nazo nyaraka za kisera zitumie "inakusudia kukopa" au "inalazimika kukopa", kadiri ya maana iliyokusudiwa.