Upepo Uliopewa Njia

Katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, yafikapo majira ya kupukutika majani, mialoni na miti mingineyo huvua mavazi yake katika majuma machache tu, na ardhi yote ikafunikwa na zulia nene, ambalo likinyeshewa huwa zito, likagandamana na nyasi, na likiachwa huzinyima jua hata zikafa. Taabu ya kuyaondoa majani hayo, ambayo tangu hapo ilikuwa juu ya reki na mgongo wa mwanadamu, imepunguzwa na mashine ya kupeperushia majani, na hasa ile kubwa ya magurudumu, ambayo mtu huisukuma huku akitembea nyuma yake.

Ndani ya kasha lake lililoviringana mfano wa kombe la konokono mna feni, ambayo ikizunguka huvuta hewa kwa tundu la katikati, panga zake zikairusha hewa hiyo pembezoni, na kasha likaikusanya na kuitoa kwa mdomo mmoja. Asiyejua siri ya jambo hili angedhani kwamba dawa ya kupata upepo mwingi ni kutia injini kubwa. Walakini kanuni ya feni ni kali, kwani feni ile ile ikizungushwa kwa mwendo maradufu, hewa huongezeka mara 2, ilhali nguvu inayotakiwa huongezeka mara 8. Kwa sababu hiyo mafundi wenye hekima waligeuka kuitazama njia ya upepo wenyewe.

Walianza na feni. Panga zikiwa wazi ubavuni, sehemu ya hewa huponyoka baina ya kingo zake na ukuta wa kasha, na nguvu yake ikapotea bure. Basi zikafunikwa kwa bamba, hewa ikakosa pa kutorokea. Kisha wakalitazama kasha, ambalo aghalabu lilikuwa la bati la chuma lililochomelewa, wakafanya jingine la plastiki ngumu iliyofinyangwa katika kalibu, lisiloshika kutu, lililo jepesi kusukuma, na lisilo na pembe kali za kuivuruga hewa na kuzidisha kelele.

Lakini lililonipendeza kupita yote ni dogo kwa umbo. Majani makavu hutaka upepo wa juu uyakumbe, na yaliyolowa hutaka upepo wa chini uingie baina yake na nyasi uyabandue; na mtumiaji alipotaka kuubadili upepo huo, ilimbidi asimame, ainame, autengeneze mdomo wa mashine kwa mkono, kisha aanze tena. Kampuni ya Billy Goat ya Lee's Summit, Missouri, iliweka wenzo karibu na mpini, ambao mtu huuvuta bila ya kusimama, na mdomo ukainuka au ukashuka kama apendavyo. Anayefanya kazi hiyo tangu asubuhi hata magharibi ndiye ajuaye thamani ya kuinama kulikoondolewa.

Limebaki suala la injini yenyewe, moshi wake na makelele yake. Mji wa Washington ulipiga marufuku mashine za kupeperushia majani zitumiazo petroli tangu Januari 1, 2022, na kanuni za California zinataka injini ndogo nyingi zitengenezwazo kuanzia toleo la mwaka 2024 zisitoe moshi kabisa. Umeme wa betri, ambao akiba yake ni haba, hauna wasaa wa kupoteza upepo. Kwa hiyo feni iliyofunikwa na kasha laini vitahitajiwa kesho zaidi kuliko jana.

Basi, ewe msomaji, ukitaka kuchagua mashine ya namna hii, usianze kwa kuuliza ina nguvu za farasi wangapi. Itazame feni yake, lichunguze kasha lake, usukume mpini wake hatua kumi, na uujaribu wenzo wake. Kwani mashine njema ni ile iliyotengenezwa na mtu aliyeukumbuka mgongo wa mwenziwe.