ALIKULA UNGA WA NYASI KISA MAHINDI!

Wewe unayefakamia ugali kila siku, hivi unajua hindi lilitoka wapi? Kuna msomi mmoja wa Marekani, George Beadle, swali hilo lilimnyima raha mpaka uzeeni.

Jamaa alizaliwa 1903 shambani, huko Wahoo, Nebraska. Mzee wake alitaka abaki ashike jembe, mwalimu wake wa sekondari akamshikia bango aende chuo. Akaanza na chembe za urithi za mahindi pale Cornell. Kisha huyoo, akahamia kwa vile vijidudu vinavyozengea ndizi zilizoiva. Mwaka 1935 yuko Paris na mwenzake Boris Ephrussi, wanahamisha kichipukizi cha jicho toka funza mmoja hadi mwingine. Kijidudu kinakua na jicho la tatu tumboni! Hapo ikaonekana chembe za urithi zinaongoza utengenezaji wa rangi ya macho, hatua kwa hatua.

Lakini kufumbua kemia ya kijidudu ilikuwa kazi pevu. Pale Stanford, yeye na Edward Tatum wakageukia ukungu wa mkate, wakaupiga eksirei, wakawa wanapima mmoja mmoja. Wa kwanza, bilabila. Wa mia, bilabila. Wewe ungefika wa ngapi? Wa 299 ndio ukagoma kukua mpaka upewe vitamini B6. Chembe moja imeharibika, hatua moja ya kemia imekufa. Matokeo yakatoka 1941, na 1958 wakapata Nobel pamoja na Joshua Lederberg.

Mwingine angetulia ale pensheni. Yeye alipomaliza kuongoza Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1968, akarudi kwenye mahindi. Tangu miaka ya 1930 alishikilia kwamba mahindi yametokana na teosinte, nyasi pori ya Mexico yenye punje chache, ngumu kama kokoto. Paul Mangelsdorf wa Harvard alikataa katakata. Sasa nani angekula kokoto? Beadle akazisaga, akala mwenyewe, na wala hakudhurika.

Halafu akachanganya mahindi na teosinte, akaotesha wajukuu kama 50,000. Takriban mmoja kati ya kila 500 ulirudi kuwa hindi kamili, yaani tofauti kubwa zilitokana na chembe nne au tano hivi.

Vipimo vya DNA vya 2002 vilionyesha mahindi yalitokana na teosinte ya kusini mwa Mexico, miaka 9,000 hivi iliyopita. Mzee alishafariki tangu 1989.