Kimya cha Kompyuta si Uzima wa Moyo

Mwaka 1905, mtaalamu wa fiziolojia Willem Einthoven wa mji wa Leiden, Uholanzi, alipitisha mchoro wa umeme wa moyo kwenye waya wa simu, kutoka hospitalini hadi maabara yake iliyokuwa umbali wa kilomita moja na nusu. Leo tunao mtandao ufikao mbali zaidi, lakini swali ni lile lile: je, kile kitokacho kifuani mwa mgonjwa hufika kwa bingwa kikiwa kamili?

Swali hili si dogo kwa wilaya kama Kilosa. Kilosa mjini iko kando ya Reli ya Kati, na Mikumi iko kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Mtoto wa Mikumi anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa valvu za moyo huenda akahitaji safari ya kilomita zipatazo 300 hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa mzazi mkulima, safari hiyo ni nauli, malazi na siku nyingi za shamba kulala bila mtu. Hata hivyo, ugonjwa wa valvu utokanao na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maambukizi ya koo, hausubiri mavuno.

Tuchukulie kwamba tabibu wa Mikumi ana stetoskopu ya kidijitali iliyounganishwa na kompyuta mpakato, naye anazungumza na bingwa kwa simu ya video. Anafungulia sauti ya moyo kwenye spika za kompyuta, akitumaini kwamba maikrofoni ya kompyuta hiyo hiyo itainasa. Bingwa hasikii kitu, au husikia mapigo hafifu yasiyo na mvumo wowote. Hapo ndipo ilipo hatari: kimya hicho chaweza kudhaniwa kuwa ni afya.

Sababu zake ni mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya nguvu ya mapigo ya moyo iko chini ya mitetemo 200 kwa sekunde, na spika ndogo za kompyuta mpakato haziwezi kutoa vema sauti nzito kiasi hicho. Pili, programu nyingi za mikutano ya mtandaoni zimeundwa kwa ajili ya maneno ya binadamu. Kila kisichofanana na maneno, kama vile feni au mvua juu ya bati, huhesabiwa kuwa kelele na kufutwa. Mvumo wa valvu iliyoharibika hufanana na upepo upitao kwenye upenyo mwembamba, kwa hiyo nao hufutwa pamoja na feni.

Dawa ya tatizo la kwanza ni kifaa pepe cha sauti. Hiki si chombo cha kushikika, bali ni programu ambayo kompyuta huitambua kana kwamba ni spika na maikrofoni kwa wakati mmoja. Ni kama mfereji wa shambani: sauti iingiayo upande mmoja hutokea upande wa pili bila kupita hewani. Kwenye Windows hutumika VB-CABLE, kwenye kompyuta za Mac hutumika BlackHole, na kwenye Linux mfumo wa PipeWire hufanya kazi hiyo hiyo.

Utaratibu wake ni huu. Katika programu ya stetoskopu, chagua kifaa pepe kuwa mahali pa kutolea sauti. Katika programu ya mkutano, chagua kifaa hicho hicho kuwa maikrofoni. Sauti ya bingwa ielekezwe kwenye hedifoni zako, wala isirudishwe kwenye mfereji, kwani itazunguka na kuwa mwangwi. Kisha tibu tatizo la pili kwa kuzima uondoaji wa kelele. Zoom, kwa mfano, ina chaguo la kutuma sauti halisi. Vifaa vyote viwekwe kwenye kiwango kimoja cha sampuli, mathalani 48,000 kwa sekunde.

Kumbuka kwamba wakati huo maikrofoni yako ya kawaida haitumiki, hivyo bingwa hatasikia maneno yako. Njia nyepesi ni kuzungumza naye kwa simu ya mkononi huku kompyuta ikipeleka sauti ya moyo. Bingwa naye avae hedifoni nzuri, kwa sababu spika ndogo za upande wake zitapoteza kile ulichohangaika kukituma.

Kabla ya kumwita mgonjwa, tabibu aweke stetoskopu kifuani mwake mwenyewe na kumuuliza bingwa kama anasikia mapigo yote mawili, la kwanza na la pili. Kama hasikii, njia ina kasoro, na uchunguzi usianze. Mtandao ukiwa dhaifu, ni afadhali kurekodi sauti na kutuma faili lenyewe: litachelewa, lakini halitachujwa na programu ya mkutano.

Sauti ya mgonjwa ni taarifa yake binafsi, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mgonjwa au mzazi aelezwe nani atasikiliza, na faili litahifadhiwa wapi, kisha aridhie.

Njia hii haichukui nafasi ya kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho ndicho kioneshacho hali ya valvu. Faida yake ni kusaidia kuamua nani asafiri mapema. Kwa hiyo, bingwa asiposikia mvumo, athibitishe kwanza kwamba njia ya sauti ni nzima, ndipo amwambie mzazi arudi nyumbani na mwanawe.