Kutengeneza Nyumba ya Kale kwa Mikono Yetu: Khabari Itokayo Mollo

Kila msimu wa karafuu unapomalizika na fedha zikaingia mkononi, jambo la kwanza wengi wetu tulifanyalo ni kuitazama nyumba. Paa linavuja, ukuta umevimba, mlango haufungi, na mama watoto amekwisha sema tangu mwaka jana. Basi hununuliwa mifuko ya saruji, akaitwa fundi, na ukuta wa zamani ukapigwa plasta mpya ya kupendeza. Baada ya masika mawili matatu, plasta ile ukiigonga hulia kama debe tupu, kisha huanguka mapande mapande pamoja na sehemu ya ukuta wenyewe. Malalamiko haya tumeyasikia afisini mara nyingi. Sasa tumeona vyema tuyaandikie kwa kirefu, kwa kuwa tumepata mfano kutoka mbali unaolieleza jambo hili vizuri kuliko tulivyopata kulieleza sisi.

Mfano huo watoka Mollo, karibu na mji wa Sumbawanga, katika nchi ya Ufipa. Mwanachama wetu mmoja ana mwanawe aliye mwalimu huko. Msomaji atauliza, Ufipa na karafuu wapi na wapi? Kweli, hapana mkarafuu huko. Uwanda ule uko juu sana, Sumbawanga yenyewe ni kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari; watu hulima mahindi, ulezi, maharage na ngano, na baridi ya Juni na Julai humfanya mtu wa pwani alale na koti. Mawe ya matumbawe hayapo. Nyumba za zamani aghalabu ni za tofali za udongo, nyingine zimechomwa na nyingine zimekaushwa juani tu, na hushikanishwa kwa udongo vile vile. Lakini maradhi ya nyumba ni yale yale.

Kijana wetu alinunua nyumba ya kale ya vyumba vitatu, ya tofali zisizochomwa, yenye paa la bati. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa ameipiga plasta ya saruji kwa nje, nayo ilionekana madhubuti. Mvua za huko ni za msimu mmoja, huanza Novemba zikaendelea mpaka Aprili. Ilipofika Machi mkewe aliona ukuta wa chumba cha watoto umelowa kwa ndani, tangu chini mpaka magotini. Akaubonyeza kwa kidole, na kidole kikazama kama katika ugali. Kijana akampelekea baba yake picha kwa simu na kumwuliza: Je, niongeze saruji, au nibomoe? Mzee akaja na simu yake afisini kwetu. Siku ile tulikuwa na mwashi mmoja mtu mzima, naye alipoziona picha alisema mara moja, "Mwambie asiongeze hata mwiko mmoja. Na watoto wahame chumba hicho leo."

Sababu yake ni hii. Ukuta wa udongo, na kadhalika ukuta wa mawe na chokaa, hunywa maji kidogo kutoka ardhini na kutoka mvuani, kisha huyatoa hewani jua likiwaka. Waashi husema ukuta unapumua, na neno lao ni sahihi. Saruji ni ngumu na imeshikana, haipitishi unyevu kwa wepesi. Tena udongo hutanuka ukilowa na kujikunja ukikauka, ilhali saruji hukaa pale pale. Basi hapana budi hupasuka, hata ikiwa ni ufa mwembamba kama unywele. Maji huingia kwa ufa huo, na njia ya kutokea hayana. Ukuta hubaki umefungiwa maji ndani, na tofali lisilochomwa likifungiwa maji hurudi kuwa tope. Kwa nje huoni kitu, kwa kuwa ganda la saruji limesimama. Hapo ndipo penye hatari, kwani nyumba yaweza kuonekana nzima ilhali kilichoichukua ni ganda la nusu inchi.

Hatusemi haya kwa kuichukia saruji. Kwa nyumba ya matofali ya saruji ni kitu chake hasa. Lakini ni kitu cha jana tu: ile tuitumiayo leo, iitwayo Portland, ilipewa hati ya uvumbuzi huko Uingereza mwaka 1824, na kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuitoa mwaka 1966. Kabla ya hapo watu walijenga, na vitu vyao vipo. Hapa Pemba, nendeni Ras Mkumbuu mkatazame kuta za msikiti wa kale, wa mawe na chokaa, zimestahimili mvua na upepo wa bahari kwa karne nyingi. Na huko Ufipa yako mabaki ya malungu, yaani matanuu marefu ya udongo kupita kimo cha mtu, ambamo Wafipa waliyeyushia chuma. Kazi ile imekwisha koma zamani, hayana paa wala mtu wa kuyatengeneza, na mengine bado yamesimama mashambani. Asemaye udongo ni kitu dhaifu na ayaone.

Sasa tueleze kijana alivyofanya, maana kazi nyingi aliifanya mwenyewe siku za mapumziko ya skuli, akiongozwa na fundi mmoja mzee wa pale pale Mollo.

Kwanza hakugusa ukuta. Alitafuta maji yatokako. Akaona kwamba uwanja wa nje, kwa kufagiwa na kumwagwa majivu miaka mingi, umepanda ukawa juu kuliko sakafu ya chumbani. Akauchimba na kuushusha shubiri mbili, akauinamisha utazame mbali na nyumba, akapasua mtaro hatua mbili kutoka ukutani. Kisha akatazama paa: upenu ulikuwa mfupi, maji yakidondoka hurukia ukuta. Akauongeza dhiraa moja. Kazi hizi mbili hazina uzuri wa kuonyesha wageni, na ndiyo maana wengi wetu huziruka. Lakini nusu nzima ya matengenezo imo humo, na gharama yake ni jembe na mabati machache.

Pili, alilitegemeza paa kwa nguzo kabla ya kubandua kitu. Hapa twawaomba wanachama wasifanye haraka. Sote twakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, Beit el Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883, lilipoanguka sehemu yake likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Jumba la kifalme na kibanda cha shamba ni vitu mbalimbali, lakini ukuta ukiangukia mtu haumwulizi. Ukuta ulioinama, au wenye ufa upitao kutoka ndani mpaka nje, si kazi ya mwenye nyumba na nyundo yake. Aitwe mwashi mwenye timazi.

Plasta ya saruji akaibandua taratibu, kwa patasi na nyundo ndogo, akauacha ukuta wazi majuma matatu upigwe na upepo. Tofali zilizooza akazitoa kwa vipande, hatua moja moja, wala hakuendelea na kipande cha pili mpaka cha kwanza kimeshika. Safu za chini kabisa alizijaza mawe.

Kwa plasta alichukua udongo wa kichuguu, mchanga, na majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole, akavilowesha pamoja na kuvikanyaga, akaviacha siku nne. Kipimo hakuna awezaye kukuandikia, kwa sababu udongo wa kila mahali una tabia yake. Fundi alimfundisha kupaka ukutani viraka vinne vya ukubwa wa sahani, kila kimoja na kiasi chake cha mchanga, na kungoja. Kilichopasuka kimepungukiwa mchanga. Kilichotoa vumbi kwa kidole kimezidi. Kiraka kilichotulia ndicho kilichofuatwa. Tabaka la kwanza lilikuwa nene kama kidole gumba, likakwaruzwa ili la pili lishike. La pili lilikuwa jembamba, likachanganywa na samadi ya ng'ombe, likalainishwa kwa kiganja. Mkewe ndiye aliyelainisha, naye, kwa tulivyoziona picha, ana mkono kupita yeye.

Mwisho ni rangi. Hapa ndipo watu huharibu kazi yote kwa kupaka rangi ya mafuta, ambayo huziba ukuta sawasawa na saruji. Rangi ya ukuta upumuao ni chokaa. Ichanganye na maji, iache usiku mmoja, ichuje kwa kitambaa, ipate wepesi wa maziwa. Lowesha ukuta kwanza, kisha paka nyembamba mara nne, kila siku mara moja. Ukiipaka nzito mara moja ili umalize kazi, itabanduka kama ngozi. Anayetaka rangi achekeche udongo mwekundu autie kidogo kidogo. Hutoka rangi tamu, na kila ndoo ifanane na mwenziwe, ama sivyo ukuta utakuwa na madoa. Kijana amepaka nyeupe juu na nyekundu chini mpaka kimo cha goti, na rangi hiyo ya chini huficha matope ya mvua.

Kwetu sisi nyumba nyingi za mashamba ni za miti na udongo, na hayo yote yatufaa kama yalivyo, isipokuwa miti itazamwe mchwa kabla ya kukandika. Wenye nyumba za mawe watumie plasta ya chokaa: sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta maji na kuumomonyoa ukuta. Uchukuliwe wa shamba, au uoshwe kwa maji matamu mara kadhaa. Chokaa ya tanuu iliyozimwa ikakaa majini miezi ni bora kuliko iliyozimwa jana. Nayo haikauki kama nguo. Hurudi kuwa jiwe kwa kunywa hewa, na jambo hilo lataka unyevu na muda, kwa hivyo itundikiwe magunia mabichi isipigwe na jua siku za mwanzo. Chokaa huunguza. Ikiingia jichoni, maji mengi papo hapo, kisha hospitali.

Wenye dari za boriti watazame ncha zilizoingia ukutani, kwani huoza huko kabla ya katikati kuonyesha dalili. Boriti za mikoko hukatwa kwa kibali, wala mtu asijidanganye kwamba za usiku hazijulikani. Na mwenye nyumba Mji Mkongwe wa Unguja, ambao tangu mwaka 2000 umo katika Urithi wa Dunia, hana budi kwenda kwanza kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kubadilisha hata dirisha.

Pana na jambo letu wenyewe. Chumba chenye ukuta uliolowa ndicho mara nyingi tuwekamo magunia ya karafuu. Karafuu iliyokaushwa vizuri ikiegemezwa ukuta huo hunywa unyevu, ikaota ukungu na kushuka daraja, na mkulima akaondoka kituoni akimlaumu mpimaji. Magunia yapandishwe juu ya mbao na yawe mbali na ukuta shubiri moja, hata ukuta ukiwa mzuri.

Tatizo kubwa kwetu ni wakati. Kipupwe, baada ya masika, hakina mvua nyingi, lakini mara karafuu huanza na mikono yote huwa mitini. Vuli nayo haifai kwa kukandika. Kwa hesabu yetu uliobaki ni ule wa kaskazi, mwezi wa Januari na Februari, wakati fedha zipo na jua lipo, na kazi ya nje iwe imekwisha kabla ya mvua za Machi. Mwaka wenye zao kubwa, ambao uchumaji hufika mpaka Januari, afadhali kuchimba mtaro na kurefusha upenu tu, na ukuta ukangoja mwaka wa pili.