Tusiudharau udongo tunapojenga shule zetu

Wahenga walinena kwamba tembea uone. Ukweli wa kauli hiyo niliuthibitisha nilipoandamana na wanafunzi wangu wa shule ya upili kuzuru maonyesho ya ujenzi na usanifu wa majengo jijini Nairobi.

Tulipoingia ukumbini, macho yalikosa pa kutua. Huku palikuwa na vioo vya kupunguza joto la jua, kule vigae vya paa vinavyozalisha umeme, na kwingineko picha za nyumba zilizosimamishwa na mashine inayomimina saruji tabaka juu ya tabaka, bila ya mwashi kushika mwiko. Karibu kila kibanda kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa neno "endelevu".

Hata hivyo, kilichonigusa hakikuwa katikati ya ukumbi. Karibu na mlango wa kutokea alisimama kijana mmoja na mashine ya mkono ya kushindilia matofali. Alichanganya udongo na saruji kidogo, akaujaza katika kalibu, akavuta wenzo, na tofali likatoka laini, lisilohitaji kuchomwa kwa kuni. Mwanafunzi mmoja alilitazama kwa muda, kisha akanigeukia: "Mwalimu, ikiwa udongo una thamani ya kuletwa Nairobi uonyeshwe, mbona sisi tulibomoa darasa letu la udongo?"

Sikuwa na jibu. Mimi ndimi niliyekuwa katibu wa kamati iliyoamua darasa lile libomolewe, na kumbukumbu za mkutano niliziandika kwa mkono wangu. Tulisema udongo ni alama ya umaskini. Wazazi wakachanga, saruji ikasafirishwa kutoka mbali, na darasa jipya likasimama kwa mawe na mabati yasiyokuwa na dari. Leo, ifikapo saa nane mchana, wanafunzi husinzia kwa joto. Mvua inyeshapo, mwalimu hunyamaza kwa sababu hasikiki. Hayo ndiyo tuliyoyaita maendeleo.

Msomaji atauliza, je, saruji ina kosa gani? Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri lenye joto la takribani nyuzi 1,450. Mbali na moshi wa makaa yanayowasha tanuri hilo, jiwe lenyewe hutoa hewa ya kaboni linapochomwa. Ndiyo maana viwanda vya saruji hukadiriwa kuchangia kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Sisemi tuiache saruji. Madaraja na maghorofa yanaihitaji. Nasema tuitumie panapostahili.

Mfano mzuri ni wa Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, aliyeanza kama seremala. Mnamo 2001 shule ya msingi aliyoibuni kijijini kwao ilikamilika, wanakijiji wenyewe wakiwa wajenzi. Matofali yake yalikuwa ya udongo uliotiwa saruji kidogo. Juu ya kuta paliwekwa dari ya matofali yenye nafasi, na juu ya dari paa la mabati lililoinuliwa, ili hewa ya moto itoke na upepo upite. Shule hiyo ilipata tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kilele cha heshima katika fani hiyo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa Kenya, kando ya Ziwa Turkana, Kéré huyo huyo alibuni chuo cha vijana chenye minara mirefu ya kutolea joto, akiiga vichuguu vya mchwa wa eneo hilo. Isitoshe, waashi wa Lamu walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko karne nyingi kabla ya maonyesho haya kuwazwa. Kuta zao nene huzuia joto, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Mwaka 2001 mji huo mkongwe uliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Mgala muue na haki umpe. Matumbawe na mikoko haviwezi tena kukatwa kiholela, kwani bahari nayo ina haki yake. Hali kadhalika, ukuta wa udongo usio na msingi wa mawe na paa lililotokeza nje huliwa na mvua upesi. Na mashine za kisasa si za kubezwa: mwaka 2021 huko Malawi, kuta za shule zilichapwa kwa saa 18 tu. Lakini je, mashine ile ikiondoka na ukuta ukapata ufa, nani kijijini atauziba? Uvumbuzi usioweza kukarabatiwa na fundi wa mahali penyewe haudumu, hata ukibandikwa jina gani.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu na kamati za shule wajiulize maswali matatu kabla ya kujenga. Vifaa vinatoka umbali gani? Joto litatokea wapi? Jengo likiharibika, nani atalitengeneza? Nanyi wanafunzi, pimeni joto la madarasa yenu asubuhi na mchana, mlinganishe paa lenye dari na lisilo nayo, kisha mpeleke takwimu hizo kwa wakuu wenu. Hilo ni somo la fizikia, jiografia na uraia kwa pamoja.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kamati yetu itakutana tena muhula ujao kuzungumzia darasa la pili. Nitaenda na daftari langu la kumbukumbu, na safari hii, kabla ya kuandika uamuzi wowote, nitaomba swali la mwanafunzi yule lijibiwe kwanza.