Ua la Usambara: jinsi linavyoishi kivulini, na namna ya kulikuza kwa jani moja

Ujerumani, Uingereza na Marekani, wakati wa baridi kali bustani za nje hulala. Lakini ndani ya nyumba nyingi, kwenye dirisha la jikoni au la sebuleni, utakuta chungu kidogo chenye maua ya zambarau yenye kitovu cha njano. Wajerumani mpaka leo huliita ua hilo kwa jina la milima ya Tanga: Usambara. Asili yake ni kwetu, katika misitu ya Tanzania na Kenya, na huko nyumbani kwake linazidi kuadimika.

Msikilizaji aliyewahi kupita kwenye korongo la mto huko Usambara Mashariki huenda ameliona bila kulitilia maanani. Ni mmea mdogo, mara nyingi hauzidi upana wa sahani. Majani yake ni mazito kidogo, yana manyoya laini, na yamejipanga duara kama kabichi iliyofunguka. Huota kwenye nyufa za mawe, juu ya kuvumwani na udongo kiasi cha kiganja kimoja. Aina nyingine zinapatikana Nguru na Uluguru, Kenya kuna inayoota kilima cha Mbololo huko Taita, na nyingine kwenye mawe ya chokaa Kilifi. Baadhi ya aina hizi eneo lake ni dogo mno, kilima kimoja au viwili basi.

Lilifikaje Ulaya? Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona na kumpelekea baba yake Ujerumani. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akalipa jina la kitaalamu la Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. (Tangu 2015 wataalamu wameliingiza katika kundi la Streptocarpus, lakini wakuzaji wengi wameng'ang'ania jina la zamani.) Miaka ya 1920 kampuni moja ya miche mjini Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche kwa wingi, ikachagua 10 iliyo bora. Sehemu kubwa ya maua yanayouzwa leo madukani duniani yametokana na uzao huo, na sasa yapo meupe, ya waridi, hata yenye rangi mbili.

Kwa nini mmea wa msitu wa Tanga uchanue dirishani Ulaya wakati wa theluji? Jibu ni kivuli. Chini ya miti mikubwa mwanga unaofika ardhini ni kidogo, hewa ina unyevu, na joto halipandi wala kushuka sana. Mmea huu umezoea hivyo. Nyumba ya Ulaya iliyopashwa moto, yenye dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, kwa hesabu ya mmea haina tofauti kubwa na korongo la Amani.

Kivuli hichohicho ndicho udhaifu wake. Mizizi yake ni mifupi na haishuki kutafuta maji. Inategemea ule unyevu ulioshikwa na kuvumwani. Mti mkubwa ukikatwa juu ya jiwe, jua hulipiga jiwe likapata moto, kuvumwani hukauka, na mmea hufa bila mtu yeyote kuugusa. Mbegu zake nazo ni ndogo kama vumbi, na haziwezi kuota juu ya jiwe kavu. Kwa hiyo anayesema "sisi tumekata miti tu, maua hatukuyang'oa" ameshayamaliza.

Hata nyuki wamo katika hesabu hii. Chavua ya ua hili imefungiwa ndani ya vifuko viwili vya njano. Nyuki wa porini hukamata vifuko hivyo na kutetemesha mwili kwa mvumo, chavua ikamwagika. Ndiyo maana ua lililo dirishani kwa kawaida halitoi mbegu, mpaka mkuzaji alichavushe kwa mkono.

Sasa tuje nyumbani. Ukitaka kulikuza, huhitaji mbegu wala kung'oa mmea. Jani moja linatosha. Lipate kwa jirani mwenye nalo au kwa muuza miche. Ndani ya hifadhi ya msitu usichukue hata jani bila kibali.

Chagua jani lililokomaa lakini si la zamani, yaani la mzunguko wa katikati. Likate na kikonyo chake, kisha ukipunguze kwa wembe safi kibaki sentimita 3 hivi, ukate kwa mshazari. Chomeka kikonyo kwenye mchanganyiko mwepesi: mboji ya majani iliyooza vizuri sehemu moja, mchanga wa mtoni uliooshwa sehemu moja. Pumba za mpunga zilizochomwa zikaongezwa kidogo husaidia maji yasituame. Udongo wa shambani peke yake haufai. Hushikana, na kikonyo huoza. Nyunyiza maji, halafu funika kwa chupa ya maji ya plastiki uliyoikata kitako na kuondoa kizibo, ili unyevu ubaki na hewa ipite. Weka kivulini penye mwanga. Baada ya miezi miwili hivi utaona masikio madogo ya kijani yakitokeza kando ya kikonyo. Jani moja kwa kawaida hutoa miche kadhaa. Itenganishe inapofikia ukubwa wa sarafu kubwa, kila mmoja kwenye kopo lake dogo lililotobolewa chini. Kopo kubwa ni kosa la wengi: udongo mwingi hubaki na maji ambayo mizizi haiyamalizi. Ukitunza vizuri, ua la kwanza huja kabla ya mwaka kwisha.

Mwanga upimwe kwa kiganja. Saa sita mchana nyoosha mkono juu ya mmea. Ukiona kivuli cheusi chenye kingo kali, jua limezidi. Usipoona kivuli chochote, pana giza, na mmea utanyoosha vikonyo kuutafuta mwanga bila kuchanua. Kivuli hafifu, kingo zake hazionekani vizuri, hapo ndipo. Barazani upande usiopigwa na jua la mchana, au chini ya paa la makuti, mara nyingi panafaa.

Maji ndiyo huua mengi kuliko jua. Usimwagie juu ya majani. Maji baridi yakikaa juu ya manyoya yale huacha madoa, na yakituama katikati ya mmea huleta kuoza. Weka maji kwenye kisahani, kopo likae humo nusu saa linywe lenyewe, kisha mwaga yaliyobaki. Rudia udongo wa juu ukishakauka. Nyuzi joto 18 hadi 25 ndizo linazipenda. Walio Njombe, Lushoto au Limuru waliondoe karibu na dirisha usiku wa Juni na Julai.

Je, linaweza kuleta fedha? Kidogo, kwa aliye karibu na mji au njia ya wageni. Fanya hesabu: anayeng'oa mmea porini anauza mmoja, nao mara nyingi hufa njiani kwa sababu mizizi imekatika jiweni. Mwenye mmea mama mmoja nyumbani akitoa majani matatu, anapata miche kama kumi, na mama bado yupo.

Jambo la mwisho linawahusu hasa wanaoishi kando ya msitu. Ua la dukani, hata likiwa zuri kiasi gani, usilipande porini ukidhani unalirudisha kwao. Hilo ni chotara la Ulaya na Marekani, na aina hizi huzaana kirahisi. Nyuki akipeleka chavua yake kwenye aina ya kilima kile, baada ya muda ile ya asili inaweza kupotea ndani ya machotara. Likae barazani.