Mtoto Mwenye Kifafa na Watu wa Nyumbani Kwake

Ketini vizuri, mfungue vitabu vyenu, na mfuate maneno haya kwa macho huku mkinisikiliza.

Leo tutasoma habari za Bibi Joan Austin, muuguzi wa Marekani. Alifundisha wauguzi katika Chuo Kikuu cha Indiana, na kwa miaka mingi alichunguza jinsi watoto wenye kifafa na jamaa zao wanavyoishi na ugonjwa huo.

Kifafa ni nini? Ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa nguvu ndogo za umeme. Nguvu hizo zikivurugika ghafula, mtu huanguka na kutetemeka, au hukodoa macho tu kwa kitambo kidogo asisikie neno. Kifafa hakiambukizi, na povu la mgonjwa halimdhuru mtu.

Daktari hutoa dawa, nazo huwasaidia wagonjwa wengi. Lakini Bibi Austin aliuliza jambo jingine. Mtoto akisha kurudi nyumbani, maisha yanakuwaje? Je, mama apata usingizi? Baba amruhusu kucheza na wenzake? Na mtoto mwenyewe auonaje ugonjwa wake?

Hakukisia majibu. Kwanza aliwalinganisha watoto wenye kifafa na watoto wenye pumu, kwa maana pumu nayo hukaa na mtoto siku nyingi, huja na kuondoka. Ikaonekana kwamba wenye kifafa walikuwa na taabu zaidi ya moyo, ya masomo na ya kupatana na wenzao. Mwaka 1993 yeye na mwenzake walitoa orodha ya maswali 13, ya kumwuliza mtoto mwenyewe moyo wake unasemaje juu ya ugonjwa.

Kisha likaja jambo kubwa. Mara nyingi mtoto mwenye kifafa huwa na hasira, au huzuni, au hatulii darasani. Jirani husema, "Hakufunzwa adabu." Mzazi naye hujilaumu. Bibi Austin na wenzake wakachunguza watoto 224 ambao kifafa kilikuwa kimewashika mara ya kwanza tu. Wakawauliza wazazi: miezi sita kabla ya siku ile, mtoto alikuwa na tabia gani? Wakawauliza pia habari za ndugu zao 135.

Majibu yalitolewa mwaka 2001. Watoto wale walikuwa na taabu za tabia zaidi ya ndugu zao, hata kabla ya kuanguka. Fikirini: nyumba ni moja, wazazi ni wale wale. Basi huenda ubongo ule ule uletao kifafa ndio uletao taabu hizo pia. Kosa si la malezi.

Kwa hiyo, ukiwa na mtoto mwenye kifafa, mpe dawa kila siku kama ulivyoagizwa. Mpeleke shuleni. Tabia yake ikibadilika, usikimbilie fimbo. Mweleze daktari au muuguzi. Na zaidi ya yote, muulize mtoto, kisha umsikilize.

Sasa jadilianeni darasani:

1. Kwa nini Bibi Austin aliuliza habari za ndugu wa mtoto?
2. Wewe ungemjibu nini jirani asemaye, "Hakufunzwa adabu"?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.